Asubuhi ilikuwa mvua tu: kisa cha lori la kakangu na dhoruba ya Machi 2019

Siku hiyo Nairobi ilikuwa jua kali, lile la Machi ambalo watu wote wanaangalia juu wakingoja masika na masika haiji. Ilikuwa Jumatano, tarehe 13 Machi 2019, siku tatu tu baada ya ile ndege ya Ethiopian Airlines kuanguka ikija huku kwetu na Wakenya 32 ndani yake, kwa hivo mtaani ilikuwa simanzi kila nyumba na mamangu hakutaka hata kusikia mtu akitaja safari. Mi nilikuwa kwake mtaani Umoja. Saa tisa kasoro hivi mchana kakangu akapiga kutoka Denver, jimbo la Colorado, Marekani, kule kwao ni saa kumi na mbili kasoro asubuhi, akasema yuko godauni anangoja kupakiwa, kunanyesha kidogo, baridi ya kawaida, akishapakiwa anaelekea Nebraska. Mama akamwambia nenda pole pole baba, akakata simu akarudi kwa mboga zake.

Simu iliyofuata ilikuja saa mbili na nusu usiku na hatukusikia maneno, tulisikia upepo. Nadhani mama hadi leo akisikia mabati yakipigwa na upepo anakumbuka ile sauti. Kakangu alikuwa anapiga kelele kutoka ndani ya kabini yenye vioo vimefungwa na bado tunamsikia kwa mbali, tukashika maneno matatu tu, "nimesimama, sioni barabara", halafu netiweki ikaenda.

Nataka nieleze hiki kisa chote vizuri kwa sababu vijana wetu wengi sasa wanaendesha matrela Marekani, na kila Machi nasikia wakisema baridi imeisha, sasa ni kazi. Machi na Aprili ndo miezi mibaya pale kwenye milima na zile tambarare zake, na dereva mwenye akili timamu na uzoefu mrefu anaweza kuingia mtegoni bila kufanya ujinga wowote mkubwa. Kakangu si mgeni wa barabara. Kabla hajaenda alikuwa amepiga Mombasa–Malaba miaka na miaka, Salgaa anaijua gizani, ukungu wa Kinungi ameshapita nao asubuhi zisizohesabika akiwa na tani ishirini na kitu mgongoni. Naamini huo uzoefu ndo ulimponza kidogo, nitarudi hapo.

Kwanza hiyo dhoruba ilitoka wapi. Denver iko mita 1,600 hivi juu ya bahari, si mbali sana na Nairobi yetu iliyo karibu 1,800, lakini upande wake wa magharibi kuna ukuta wa milima ya Rocky yenye vilele vinavyopita mita 4,000, na upande wa mashariki ardhi inateremka taratibu, huoni mteremko kwa macho, mamia ya kilomita mpaka Nebraska na Kansas. Hiyo milima imejipanga kaskazini kwenda kusini. Maana yake hakuna mlima wowote uliolala kutoka mashariki kwenda magharibi wa kuzuia baridi ya Kanada isishuke, wala wa kuzuia joto na unyevu wa Ghuba ya Mexico usipande. Wakati wa baridi kali, baridi inatawala. Wakati wa joto, joto linatawala. Machi ndo pande zote mbili zina nguvu kwa wakati mmoja, jua limeshaanza kupasha kusini na kaskazini bado ni barafu, na zinakutana hapo hapo kwenye tambarare. Ndo maana kwa wastani wa miaka mingi Machi ndo mwezi wa theluji nyingi kuliko yote Denver, kitu ambacho mgeni hawezi kukisia akiona majani yanaanza kuchipua.

Halafu kuna mchezo wa mlima wenyewe. Upepo wa juu sana ukivuka milima ukashuka upande wa pili, ile hewa inapata nafasi ya kurefuka kwenda chini, na hewa iliyokuwa inazunguka kidogo ikivutwa ikawa ndefu na nyembamba inazunguka kwa kasi zaidi. Umeona mtoto akijizungusha mikono wazi, akiikunja kifuani anaenda mbio mpaka anaanguka? Ni hivo hivo. Kwa hivo nyuma tu ya milima, kusini mashariki mwa Colorado, presha ya hewa inashuka na dhoruba inazaliwa. Hili hutokea mara nyingi kila mwaka. Tofauti ya siku hiyo ilikuwa kasi. Mwaka 1980 wataalamu wawili, Fred Sanders na John Gyakum, waliandika kuhusu dhoruba ambazo presha yake inaporomoka haraka kupita kiasi, kipimo chao kikiwa milibari 24 ndani ya saa 24, hesabu inayopungua kadiri unavyosogea kuelekea ikweta, wakaziita mabomu. Wao walikuwa wanafikiria zaidi dhoruba za baharini. Hii ya 2019 ilifanya hivo nchi kavu, katikati ya bara, ikafika karibu milibari 970 kusini mashariki mwa Colorado wakati presha ya kawaida usawa wa bahari ni 1013. Sisi watu wa karibu na ikweta hatuna hata mahali pa kuweka hiyo namba kichwani, Nairobi presha inapanda na kushuka milibari chache tu kwa siku na hakuna anayejali. Kule ikishuka namna ile hewa ya pande zote inakimbilia lile shimo, na hiyo mbio ndo upepo.

Sasa rudi godauni. Kakangu alipaswa kutoka saa kumi na mbili asubuhi. Hesabu yake ilikuwa sawa kabisa, na naitetea mpaka leo: alikuwa ameona onyo la dhoruba ya theluji, lilitolewa mapema, hakuna anayeweza kusema watu wa hali ya hewa walilala, akasema nikitoka alfajiri nitakuwa nimeshafika mbali kabla haijaanza. Mzigo wake ulikuwa makatoni matupu yaliyokunjwa, ya kiwanda kimoja mji wa Fremont, Nebraska, zaidi ya maili 500. Lakini godauni wakachelewa. Folklifti moja imeharibika, nyingine inahudumia mwingine, saa moja ikapita, ya pili, ya tatu. Akatoka saa tatu na robo.

Hapo ndo penye kisa. Yale masaa matatu yaligeuza mpango mzuri kuwa mpango mbaya, na hakuna aliyekaa chini kuupanga tena. Dispacha, yule jamaa wa ofisini anayepanga safari, alimwambia tu "bado kunanyesha, uko sawa, songa". Na kweli ukiangalia dirishani ilikuwa mvua tu, watu wanaenda kazini, watoto wengine wako shuleni. Pia kuna saa ya sheria: dereva kule anaruhusiwa kuendesha masaa 11 ndani ya dirisha la masaa 14, na tangu Desemba 2017 wengi wao wamefungiwa kifaa kinachohesabu chenyewe, huwezi kuandika uongo kwa daftari. Kungoja kule godauni kunaila hiyo 14. Na analipwa kwa maili, akiwa amesimama hapati kitu. Sheria za kule pia zinasema wazi hali ikiwa hatari ya kutosha dereva asimamishe gari, haki anayo, lakini haki hiyo inakuwa nzito sana mkononi ukiwa umeshapoteza masaa matatu, kodi ya nyumba inangoja, na nje ni manyunyu.

Aliingia barabara ya I-76 kuelekea kaskazini mashariki. Anasema mpaka Hudson ilikuwa mvua. Baada ya Hudson mvua ikaanza kuwa nzito nzito, inagonga kioo kama ute, waipa zinavuta kwa shida. Halafu anasema ndani ya dakika kumi, labda kumi na tano, mbele yake kukafutika. Si kwamba theluji ilikuwa nyingi. Hili ndo jambo ambalo watu hawaelewi, theluji iliyoanguka Denver siku hiyo haikufika hata futi moja, mji ule umeshaona maradufu ya hiyo na zaidi. Upepo ndo uliofanya kazi. Uwanja wa ndege wa Denver ulipima upepo wa maili 80 kwa saa, karibu kilomita 130, na Colorado Springs ukapita maili 90. Theluji kidogo ikibebwa na upepo wa namna hiyo haianguki, inasafiri ubavu ubavu, ile iliyoanguka nayo inainuliwa tena, na wewe unakuwa ndani ya maziwa. Kiserikali wanaita dhoruba kamili ya theluji pale upepo ukifika maili 35 kwa saa na usione zaidi ya robo maili kwa masaa matatu mfululizo. Kakangu hakuwa anaona boneti yake.

Na hapa ndo uzoefu wa Kinungi ulimdanganya. Kwenye ukungu wetu unapunguza spidi, unawasha taa, unashika mstari wa pembeni na unaendelea, ukungu haukusukumi. Alifanya hivo hivo, akashuka mpaka maili 20, akashika mstari. Lakini mstari ukapotea chini ya theluji, na trela lake la futi 53, refu, lenye kuta ndefu na makatoni mepesi ndani, likawa kama tanga la jahazi. Angekuwa na saruji ndani angekuwa na amani kidogo. Anasema alihisi upande wa kushoto wa trela unanyanyuka, usukani ukawa mwepesi kama wa gari la watoto, mara mbili, ya tatu akaamua inatosha. Taa za lori lililokuwa mbele yake alizifuata taratibu mpaka zikasimama, naye akasimama nyuma yake, akawasha hazadi. Ilikuwa kama saa tano na robo kwa saa zao. Hapo ndo alitupigia.

Maili chache nyuma yake, karibu na pahali panaitwa Roggen, wakati huo huo askari mmoja wa doria ya barabara kuu alikuwa ametoka nje kusaidia gari lililoteleza, gari lingine likapoteza mwelekeo likamgonga, akafa. Kakangu alijua kesho yake. Alikuwa amepita hapo labda nusu saa kabla. Hajawahi kuliongelea sana hilo, na mi simuulizi.

Mamlaka wakafunga barabara. Kule viingilio vya barabara kuu vina mageti kabisa, yanashushwa kama ya reli. I-76 ikafungwa, I-70 kutoka Denver mpaka mpaka wa Kansas ikafungwa, I-25 kwenda Colorado Springs nayo pia. Uwanja wa ndege ukafunga njia zake zote sita na safari zaidi ya 1,300 zikafutwa siku hiyo. Kaunti ya El Paso upande wa Colorado Springs peke yake ilikuwa na watu kama elfu moja wamekwama ndani ya magari, gavana Jared Polis akatangaza hali ya dharura akaita jeshi la akiba, wakaenda na magari makubwa yenye minyororo kuokota watu mmoja mmoja.

Sisi Umoja hatukulala. Mama alikaa kwa kiti cha mlangoni na leso mabegani, redio iko chini chini, kila baada ya muda ananiuliza "amesoma meseji?" na mi namwonyesha ile tiki moja ya WhatsApp. Saa kumi na mbili asubuhi yetu, kule ni saa tatu usiku, ikawa tiki mbili. Akatuma meseji ya sauti ya sekunde arobaini. Alikuwa salama. Alikuwa na kitanda nyuma ya kiti, blanketi mbili, maji, mkate, na mafuta robo tatu ya tangi. Injini anaiwasha dakika kumi na tano anazima, na kila mara kabla ya kuwasha anatoka nje ameshika kamba aliyofunga kwa mlango, anaenda kukagua bomba la moshi, maana theluji ikiliziba ule moshi unaweza kurudi ndani na unakulaza usiamke. Kwa lori refu bomba liko juu, ye alikagua tu. Lakini gari dogo lililokuwa nyuma yake lilikuwa na bomba la chini, na ndani kulikuwa na mama mmoja na binti yake wa shule. Aliwatoa akawaleta kwa kabini yake. Walilala watatu humo ndani, yeye kwa kiti, wao kwa kitanda, wakanywa chai aliyochemsha kwa kajiko kake kadogo ka umeme. Yule mama mpaka sasa humtumia salamu za Krismasi.

Kama kuna kitu alichofanya sahihi siku hiyo, ni kile. Na kusimama bila kushuka kando ya barabara, maana kando kulikuwa na mtaro uliojaa theluji laini. Na kuwa na mafuta, kitu ambacho wengi pale hawakuwa nacho.

Sasa upande wa pili wa kisa, ambao hata yeye hakuujua akiwa amekwama. Ile dhoruba iliyomzika na theluji Colorado ilikuwa inafanya kitu tofauti kabisa alikokuwa akienda. Mashariki mwa Nebraska upande wa joto wa dhoruba ulileta mvua. Mvua yenyewe si ya kutisha kwa mtu wa Nairobi, tungeiona ya kawaida tu, lakini Februari kule ilikuwa ya baridi mbaya, ardhi ilikuwa imeganda ngumu kama saruji, juu yake kuna theluji, na mito imefunikwa na barafu nene. Maji hayana pa kuzama. Fikiria mvua ya Nairobi ikinyesha juu ya lami tupu kutoka Kikuyu mpaka Ruai bila shimo moja la mchanga. Mvua ikayeyusha theluji, yote mawili yakaingia mtoni, mto ukainua barafu yake ukaivunja ukaanza kuisukuma. Alfajiri ya tarehe 14 bwawa la Spencer, lililojengwa 1927 kwenye mto Niobrara, likapigwa na maji na mapande ya barafu likaachia, mwanamume aliyekuwa akiishi chini yake akachukuliwa na maji. Kambi ya jeshi la anga ya Offutt karibu na Omaha ikafunikwa kama theluthi moja. Ng'ombe na ndama walikufa wengi sana, maana ni msimu wa kuzaa. Hasara jumla ikapita dola bilioni moja.

Na Fremont, pale pa makatoni, ikawa kisiwa. Mto Platte upande mmoja, Elkhorn upande mwingine, barabara zote za kuingia zikazama, ikabidi chakula na mafuta yaingizwe kwa msafara wa malori yakisindikizwa. Kwa hivo hata kama godauni wangempakia kwa wakati, hata kama angewahi akaipita ile theluji kama alivyopanga, angefika mji uliokuwa unazingirwa na maji ya dhoruba ile ile. Nilipoangalia ramani nikaona hivo nilikaa kimya muda mrefu. Sisi tulikuwa tunabishana nyumbani ni nani wa kulaumiwa, godauni, dispacha au yeye, na kumbe hakuna saa ya kuondoka siku hiyo ambayo ingekuwa nzuri. Swali la kuuliza saa kumi na mbili asubuhi lilikuwa kama safari iwepo kabisa, na hilo halikuulizwa na mtu yeyote kati ya wale watatu, kila mmoja alikuwa anaangalia kipande chake: godauni wanaangalia folklifti, dispacha anaangalia saa, kakangu anaangalia mawingu ya juu yake. Onyo la theluji alilisoma la Colorado. Onyo la mafuriko la Nebraska lilikuwepo pia, hakulifungua, maana kwake hatari ilikuwa mlimani na tambarare ndo pa kupumulia.

Huku kwetu tunafanya hivo hivo na inaniuma. Mto Nairobi unaanzia Ondiri kule Kikuyu, mvua ikinyesha kule juu jioni, mtu anayeishi kando ya mto huku mjini anaangalia juu anaona nyota, analala, na maji yanamkuta kitandani. Hiyo wiki yenyewe, usiku wa tarehe 14, kimbunga Idai kilikuwa kinaingia Beira, Msumbiji, kikaua zaidi ya watu elfu moja kikijumlishwa na Zimbabwe na Malawi, wengi wao mbali kabisa na bahari, kwa maji yaliyoshuka kutoka nyanda za juu. Na huku Kenya masika ikachelewa vibaya mwaka huo, unyevu ukiwa umevutwa kusini, tukabaki na lile jua. Nilikuwa natazama habari za pande tatu za dunia kwa simu moja, mama akiwa pembeni, na nilikuwa na maswali mengi kuliko majibu.

Tingatinga la theluji lilimfikia kakangu kesho yake. Yule mama na binti yake wakavutwa wakarudi Denver. Yeye alikaa kituo cha malori Fort Morgan siku kadhaa mpaka barabara za Nebraska zikaanza kufunguka, kampuni ikamlipa masaa machache tu ya kungoja, hilo amelikubali ingawa mi sijalikubali. Siku hizi ana utaratibu wake: anafungua utabiri wa anakotoka, wa njiani na wa anakoenda, anaangalia upepo kabla ya theluji, na akicheleweshwa zaidi ya saa moja kupakiwa anaupiga mpango wote upya kana kwamba ni safari nyingine. Akiwa na mzigo mwepesi na upepo umetabiriwa kupita maili 50 haondoki, na amewahi kuacha kazi kwa sababu hiyo akapata nyingine.

Alifika Fremont baada ya kama wiki. Alitutumia picha akiwa amesimama kwenye shamba la mahindi kando ya barabara, jua linawaka, amevua jaketi, na nyuma yake mapande ya barafu makubwa kama magari ya matatu yametupwa katikati ya shamba, mbali na mto, yamesimama wima kwenye matope. Mama aliishika simu karibu na macho, akaivuta picha ikawa kubwa, akaniuliza hiyo mawe imetoka wapi. Nikamwambia si mawe mama, ni barafu, maji yameileta. Akaiangalia tena muda mrefu, halafu akaniomba nimpigie kaka, anataka kumuuliza wenye shamba watapanda vipi.